Mkono wa Wote

Mji wa Ukomo uko pale njia inapochoka. Mbele yake kuna mbuga ya majani makavu ambayo hakuna aliyewahi kuipa jina. Nyuma yake kuna serikali, mbali sana, kiasi kwamba watu huitaja kama wanavyomtaja babu aliyekufa kabla hawajazaliwa: kwa heshima, bila kutegemea chochote.

Nilifika huko nikiswaga punda mwenye magunia ya chumvi. Mtu anayetembea bila bidhaa hushukiwa, na mimi nilikuwa natembea kwa ajili ya swali. Niliwahi kupita katika mji ambao watu walikuwa wamemuua mtu sokoni, mchana kweupe, na damu ilikuwa haijakauka. Niliuliza nani amemuua. Mwenye duka akasema yeye alifika mambo yakiwa yamekwisha. Mama muuza nyanya akasema hivyo hivyo. Fundi cherehani, ambaye kibanda chake kilitazamana na ile damu, naye alifika mambo yakiwa yamekwisha. Nikajiuliza: kama wote walichelewa, nani aliwahi? Watu mia wanapopiga pamoja, mkono ni wa nani? Tangu hapo swali hilo limenikaa shingoni kama nira, na mimi nalivuta nchi hadi nchi bila kujua ninalima shamba la nani.

Katika Ukomo wakati hauna adabu. Asubuhi inaweza kukaa mpaka watu wakaichoka, na jua la utosini huja, likaondoka, likarudi tena kama mtu aliyesahau fimbo yake. Nilimuuliza mwanamke aliyekuwa akitwanga leo ni siku gani. Akanijibu bila kuinua uso, "Ni jana. Leo bado haijafika." Nikamshukuru, maana alilisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni kisimani.

Mwanamke huyo aliitwa Sikudhani. Yeye na mumewe, Kulwa, ndio walionipa pa kufunga punda na pa kulaza ubavu. Kulwa alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache na kicheko kingi. Alikuwa na pacha, Doto, aliyekaa boma la pili. Mungu alipowaumba wale wawili hakujisumbua kubadilisha kitu: pua ile ile, mwanya ule ule, hata namna ya kukuna sikio. Nilimuuliza Sikudhani anawatambuaje.

"Mume wangu akicheka hufumba macho," alisema. "Shemeji hucheka ameyafumbua. Anaogopa kupitwa."

Siku moja, kama ile ilikuwa siku, Kulwa alikwenda mbugani na maksai wake mwekundu kumtafuta mtamba aliyepotea. Jua likazama, likachomoza, na Kulwa hakurudi. Doto akatoka kumtafuta upande wa vilima. Alirudi peke yake, macho mekundu, hataki kuongea na mtu.

Ndipo alipokuja Ng'wandu, mchuuzi wa ngozi, akikimbia mpaka kiatu kimoja kilimtoka. Alikuwa ameona mtu asiyemjua akija kwa njia ya mbugani. Mtu huyo alikuwa amevaa shuka la Kulwa, na alikuwa akimswaga maksai wa Kulwa.

"Mwizi!" Ng'wandu alipiga kelele sokoni. Kelele ile ilipofika kisimani ilikuwa imekuwa "muuaji", na ilipofika mabomani ilikuwa haina haja ya neno tena. Ilikuwa ni miguu. Nilishangaa jinsi watu walivyotoka. Hawakuitana. Mlango ulifunguka, mtu akatoka, akaungana na mwingine, na walipofika watatu hatua zao zilikuwa tayari zinalingana, kama ngoma waliyofundishwa tumboni.

Nataka niwe mkweli juu ya watu hawa, kwa sababu ni rahisi kuwatukana ukiwa mbali. Hawakuwa wabaya. Yule aliyeshika rungu nilimwona siku iliyotangulia akimpelekea kikongwe mgonjwa kuni. Yule aliyebeba kamba alikuwa na wimbo mtamu wa kuwalaza watoto, nilimsikia kupitia ukuta. Walimpenda Kulwa. Upendo wao uliamka ukakosa pa kwenda. Haukuwa na maiti ya kuosha wala kaburi la kuchimba, basi ukainama ukaokota mawe.

Tulimkuta yule mgeni penye mti wa mgunga, nje kidogo ya mji. Mimi nasema "tulimkuta". Alikuwa mtu mwembamba, mavumbi mpaka kope, midomo imepasuka kwa kiu. Alipotuona alifanya jambo ambalo lilipaswa kutusimamisha: alitukimbilia.

"Mwenye shuka hili amelala korongoni!" alipaza sauti. Kiswahili chake kilikuwa cha mbali, kizito. "Njooni! Amelala korongoni!"

"Mmesikia?" Ng'wandu aligeuka. "Amekiri mwenyewe! Amemtupa korongoni!"

"Sikutupa, amelala, mimi nime..."

Ngumi ilimkata neno. Ya nani, sikuiona. Baadaye nilifikiri sana juu ya neno lile lililokatwa. Kila mmoja wetu alikuwa na masikio, na sauti yake haikuwa ndogo. Lakini umati hausikii kama mtu anavyosikia. Unasikia kama mtu mwenye njaa anavyonusa: kila harufu ni chakula chake.

Walimfunga mikono. Mtu akasema asitutazame, macho yake yana uchawi. Wakamvika gunia kichwani. Lilikuwa gunia langu. Mtu alikuwa amemwaga chumvi yangu yote chini na hakuna aliyeniomba ruhusa. Ndani ya gunia lile chembe zilizobaki zilimwingia machoni na kwenye midomo iliyopasuka, nasi tuliisikia sauti yake ikigeuka kuwa mlio usio na maneno. Niliutazama mkono wangu nikakuta una jiwe. Sikumbuki kuinama.

Je, nilikuwa mimi? Nauliza kwa dhati. Mkono ulikuwa wangu, kovu la kisu cha utotoni lilikuwepo. Jiwe lilikuwa na joto, kana kwamba lilishikwa na mwingine kabla yangu, na kabla ya huyo mwingine, kurudi nyuma mpaka mwanzo wa mawe.

Mila ya Ukomo inasema mfiwa ndiye huanza. Wakamburuta mgeni mpaka kwa Sikudhani.

Wanawake walikuwa wamekwisha kumkalisha mkekani, wamemfunga kitambaa cha msiba kichwani, wanalia kwa zamu. Yeye mwenyewe hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kuelezwa. Umati ukasimama uani, na Doto akatoka mbele, panga mkononi. Wakati ule niliuona mzigo wa mwanamke yule: mtu aliyekuja kumwambia kwamba mumewe amekufa alikuwa na sura ya mumewe.

"Shemeji," Doto alisema. "Tumemleta. Wewe ndiye mfiwa. Anza wewe, sisi tutamalizia."

Mtu alimwekea jiwe kiganjani. Sikudhani akalitazama kama aliyepakatishwa mtoto asiye wake.

"Nani amemwona mume wangu?" aliuliza.

Doto aligeuka akamtazama Ng'wandu.

"Nauliza, nani ameiona maiti? Nimewekwa mkekani, nimefungwa kitambaa, na hakuna aliyeniambia mume wangu amelazwa upande gani."

"Huyu amekiri, dada," Ng'wandu alisema. "Amesema yuko korongoni. Sote tumesikia."

"Kasema amekufa?"

"Kasema amelala."

"Hata mimi nililala jana, Ng'wandu."

Manung'uniko yalipita uani. Sauti moja, kutoka nyuma, ikasema, "Anamtetea!" Nyingine, kali zaidi: "Mtu anamtetea muuaji wa mumewe? Labda wanajuana hawa!" Mwanamke aliyekuwa amemshika Sikudhani bega aliondoa mkono wake, taratibu, akausogeza mwili wake pembeni. Nikaona jinsi ilivyo rahisi. Mawe yalikuwa tayari, na mawe hayachagui. Yangeweza kugeuka nusu hatua tu na yakampata yeye.

Sikudhani naye aliliona hilo. Kisha akainuka mkekani, jambo ambalo mfiwa hafanyi, akaenda kusimama karibu na yule mtu wa gunia.

"Mnasema namjua? Sura yake sijaiona, mmeivika gunia. Haya, nisikilizeni, halafu mfanye mtakalo. Kama kweli mume wangu ameuawa, aliyemuua simjui kwa jina. Nitaishi na hilo. Nitampita mtu sokoni nijiulize, ni huyu? Nitamgawia mtu maji nijiulize, ni huyu? Sasa mnataka kumuua mtu huyu kwa mawe ya watu wote, ili mkewe, kama anaye, naye asijue ni nani. Mimi sitaki. Atakayemuua amuue peke yake. Atoke hapa mbele, aseme jina lake na la baba yake, amvue gunia, amtazame, ndipo apige. Siku mke wake akija kuniuliza, nimwambie: ni fulani, boma lake lile pale."

Nikamsikia punda wangu akitafuna. Halafu nikasikia jiwe likianguka. Kisha jingine. Watu walikuwa wakiyaachia kwa aibu, pole pole, kama mtu anayetema kitu kichungu mbele ya wakwe. Nilifikiri, basi, imekwisha. Neno moja la haki limetosha. Nilikuwa tayari kuondoka Ukomo na jibu zuri la kuwasimulia watu.

"Mimi," alisema Doto.

Alitupa kando shuka lake ili mikono iwe huru.

"Mimi ni Doto, mwana wa Lubango. Nitamuua peke yangu."

Hapo hekima yangu ilikauka. Kwa maana huyu hakuwa amejificha nyuma ya mtu. Alikuwa na jina, na jina lake alikuwa ameliweka juu ya panga lake. Nilikuwa nimedhani uovu ni wa umati na dhamiri ni ya mtu mmoja. Sasa mtu mmoja alikuwa amesimama peke yake juani, na machozi yake yalikuwa ya kweli, na alitaka kuua.

"Shemeji," Sikudhani alisema.

"Usiniite. Wewe ulimjua akiwa mtu mzima. Mimi nilimjua kabla hajawa na sura."

"Najua, shemeji."

"Basi niache!"

"Sikuzuii. Nimesema atoke mmoja, umetoka wewe. Mvue gunia."

Doto alisita. Kisha akalishika gunia kwa mkono wa kushoto akalivuta. Uso uliotoka ulikuwa umevimba, macho yamefungwa kwa chumvi na machozi. Sikudhani alifungua kitambaa chake cha msiba, akakichovya mtungini, akampangusa mgeni macho, jicho la kulia kwanza, halafu la kushoto, bila haraka, kama anayemwosha mtoto aliyeamka. Doto alisubiri, panga limeinuliwa.

Mgeni akafumbua macho akamwona Doto.

Nimeona watu wengi wakiuona uso wa anayetaka kuwaua. Sijawahi kumwona aliyefurahi.

"Umeinuka!" mgeni alisema. "Ndugu yangu, umeinuka! Nilikuambia usitembee! Nilikuambia sumu itapanda!" Akapiga magoti, na kwa mikono yake iliyofungwa akaanza kumpapasa Doto muundi, huku na huku, kama fundi anayetafuta ufa. "Nilikufunga hapa. Kitambaa kiko wapi? Nani amekifungua? Nani amekuleta?"

Panga lilibaki juu, limesahauliwa.

"Mimi siye," Doto alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mimi ni pacha wake."

Mgeni alimtazama muda mrefu. Niliiona furaha ikimtoka usoni kama maji yanavyonywewa na mchanga.

"Basi yeye bado yuko kule," alisema. "Aliumwa na nyoka. Nilimkuta hawezi kusimama. Nikamwachia maji yangu. Akanipa shuka na maksai wake, akasema, nenda Ukomo, wakiviona hivi watakuamini."

Doto ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia.

Korongo halikuwa mbali. Hilo ndilo ambalo watu wa Ukomo hawakuweza kulisema baadaye bila kuangalia chini: halikuwa mbali. Tulimkuta Kulwa chini ya kivuli cha matawi yaliyokatwa na kupangwa vizuri, mguu umefungwa kitambaa chini ya goti, kibuyu cha maji ubavuni, kitupu. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, na mtu angeweza kudhani anacheka. Sikudhani alipiga magoti akaingiza mkono chini ya kwapa lake.

"Bado ana joto," alisema.

Kila mmoja wetu alianza kupiga hesabu moyoni: muda wa kumfunga mtu kamba, muda wa kutafuta gunia, muda wa kumburuta, muda wa kubishana. Safari hii hata wale ambao kwa kawaida hufika mambo yakiwa yamekwisha wangesema kweli: sote tulikuwa tumechelewa.

Doto alijilaza kando ya kaka yake, kifua kwa mgongo, kama walivyolala kabla ya kuzaliwa. Hatukujua pa kuweka macho.

Halafu ikaanza tena. Nilidhani haiwezi, lakini ilianza. Mtu alisema kwa sauti ya chini, "Ng'wandu ndiye aliyepiga kelele." Mwingine akasema, "Ng'wandu ndiye aliyetupotosha." Duara likajifunga, pole pole, na ndani yake alikuwa Ng'wandu na mguu wake mmoja usio na kiatu. Hakujitetea. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayekubaliana na kila kitu. Niliwaona watu wakiinama kuelekea chini, na korongo lina mawe mengi kuliko mji.

Sikudhani alisikia. Hakugeuka; alikuwa ameshika kichwa cha mumewe mapajani na nguvu zake zilikuwa zimefika mwisho. Nilijua kwamba hatasema tena. Nilitafuta sauti yangu mwenyewe, nikasema, "Jamani," na sauti ikatoka nusu, lakini ilitoka. Nilisogea hatua moja ndani ya duara.

Yule mgeni alinipita. Alikwenda akakaa chini kando ya Ng'wandu, bega kwa bega, kamba bado inaning'inia kwenye kifundo cha mkono. Damu ilikuwa imekauka kidevuni. Hakumtazama Ng'wandu na hakutuhutubia. Alikaa tu, kama mtu aliyekaa hapo siku zote.

Doto aliinua kichwa.

"Inatosha," alisema. "Njooni mmbebe. Ng'wandu, shika miguu."

Tukakata miti, tukafunga machela, tukambeba. Njiani Ng'wandu alilia bila sauti, na jasho na machozi vilimdondokea Kulwa miguuni, kwa kuwa hakuwa na mkono wa kujipangusa. Mahali fulani kwenye mwinuko alimuuliza mgeni, aliyeshika upande wa pili, "Unaitwa nani?"

"Mashaka."

"Umetoka mbali, ndugu Mashaka?"

"Mbali."

Tulimzika Kulwa jua likiwa bado juu. Wakati ulikuwa umetuhurumia, au umetusahau. Baada ya mazishi Doto alimfuata Mashaka penye kizizi cha ndama. Nilikuwa namfunga punda wangu karibu, nikasikia.

"Naomba unisamehe," Doto alisema.

Mashaka alimkuna ndama mmoja shingoni.

"Sijui kama nimesamehe," alisema. "Nikisema ndiyo nitakuwa nakudanganya. Sasa hivi mtu akikohoa, mimi nashtuka. Labda baadaye. Nikiisha kufika nyumbani, nikaona mke wangu."

"Ni haki yako," Doto alisema. "Nitakusindikiza. Njia hiyo ina watu wasiokujua."

"Nikikutazama namwona yeye."

"Hata mimi. Nikijiona kwenye maji."

Walikubaliana kuondoka alfajiri. Kabla ya hapo Mashaka aliingia uani kumuaga Sikudhani. Wanawake walimpisha. Alichuchumaa mbele yake kama desturi inavyotaka, mbali kidogo, macho chini.

"Mama," alisema, "nina ujumbe wako. Nimekuja nao tangu korongoni. Nilitaka kuusema kule penye mgunga, halafu nikataka kuusema ndani ya gunia. Si jambo kubwa."

"Useme, mwanangu."

"Mumeo alisema, ukifika, mwambie Sikudhani asisonge ugali mapema. Mwambie nitachelewa."

Sikudhani aliitikia kwa kichwa polepole, kama mke anayepokea taarifa ya kawaida ya nyumbani. Akatazama mafiga yaliyokuwa baridi. Akafungua mdomo amjibu Mashaka, amshukuru, na ndipo alipolia.